Gari la spoti lililotumika: kutoka dalili hadi chanzo, na mahali waranti ya nyongeza inapokataa kulipa

Gari la spoti likishatimiza miaka kumi hushuka bei hadi kufikiwa na mtu ambaye asingethubutu kuliulizia lilipokuwa jipya, lakini spea zake hazishuki pamoja nalo. Diski za breki, shokapu na giaboksi huendelea kuuzwa kwa bei inayolingana na hadhi ya gari siku lilipotoka kiwandani, na saa za fundi anayelijua huhesabiwa vivyo hivyo. Pengo hilo ndilo linalowasukuma wanunuzi wengi kutafuta waranti ya nyongeza, yaani mkataba wa kulipiwa matengenezo baada ya waranti ya kiwandani kwisha, na ndilo pia linalowafanya watoa waranti waandike mikataba yao kwa uangalifu mkubwa kuliko ule ambao wanunuzi huutumia kuisoma.

Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili, yaani kile ambacho mwenye gari anakiona, anakisikia au anakinusa, kisha unakwenda kwenye vyanzo vinavyowezekana, na mwisho unaeleza jinsi mkataba wa kawaida wa waranti unavyokitazama kila chanzo. Mtoa waranti hulipa chanzo kilichothibitishwa na fundi na kilichotajwa katika mkataba. Mtu anayebadilisha spea kwa kubahatisha hujipotezea fedha na wakati huohuo huharibu ushahidi ambao ungemwezesha kulipwa.

Taa nyingi za onyo zinawaka kwa pamoja

Taa ya injini, ya breki za ABS na ya udhibiti wa mteleko zikiwaka siku moja katika gari lililokaa wiki kadhaa bila kuendeshwa, mshukiwa wa kwanza ni betri. Magari ya aina hii hukaa sana, na kompyuta zake huendelea kunyonya umeme hata yakiwa yamefungwa. Betri nzima iliyopumzika huonyesha takriban volti 12.6, na injini inapopigwa stata haitakiwi kushuka chini ya volti 9.6 hivi, ikishuka zaidi, kompyuta huanza kuandika kodi, yaani alama za hitilafu zinazosomwa kwa mashine, za makosa ambayo hayapo. Betri ikiwa nzima na bado inakufa kila baada ya siku chache, pima mkondo unaovuja baada ya gari kufungwa na kompyuta zote kulala: katika magari mengi, kinachozidi miliampea 50 kina mlaji wake, na mara nyingi mlaji huyo ni redio, king'ora au kifaa kingine kilichofungwa na mmiliki wa awali.

Kodi zisifutwe kabla ya kuandikwa. Mfumo wa OBD-II, yaani ule ambao gari hujichunguza nao lenyewe na ambao umekuwa wa lazima kwa magari mapya ya abiria Marekani tangu 1996, huhifadhi pamoja na kodi picha ya hali ya injini wakati kosa lilipotokea, na kuifuta ni kutupa ushahidi. Mnunuzi naye anaweza kuutumia mfumo huohuo kwa faida yake: gari ambalo kodi zake zimefutwa muda mfupi kabla ya kuonyeshwa huwa na vipimo vya ndani ambavyo bado havijakamilika, na mashine ya kupimia itasema hivyo waziwazi. Muuzaji anayedai kwamba gari halijawahi kuwasha taa, huku vipimo vyote vikiwa tupu, anastahili kuulizwa swali la pili.

Kwa upande wa waranti, betri karibu kila mara haimo, na gharama ya uchunguzi hulipwa tu iwapo kosa lililopatikana limo ndani ya mkataba. Saa tatu za fundi kutafuta hitilafu iliyoishia kuwa betri zitalipwa na mwenye gari.

Injini inakula oili au inatoa moshi

Hapa ndipo wanunuzi wengi hutishika mapema mno au huchelewa mno. Wakati wa moshi kutokea husema zaidi kuliko rangi yake. Moshi wa bluu unaotoka sekunde chache baada ya kuwasha injini iliyokaa, kisha ukapotea, mara nyingi ni sili za valvu zilizokauka. Katika injini bapa, kama zile za Porsche 911 na za Subaru, unaweza hata kuwa jambo la kawaida, kwa kuwa silinda zimelala na oili kidogo hubaki ndani yake. Moshi unaoongezeka gari linapovuta kwa nguvu huelekeza kwenye ringi za pistoni au kuta za silinda. Moshi unaotoka baada ya injini kusimama ikiunguruma kwa muda na kisha kukanyagwa huelekeza kwenye sili za valvu au turbo.

Kuna mifano miwili inayoonyesha jinsi dalili zinazofanana zinavyoweza kutenganishwa na bei. Katika Boxster na 911 za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, zenye injini ya M96, wingu kubwa la moshi mweupe linalotokea ghafla mara nyingi hutokana na kitenganishi cha oili na hewa kilichopasuka utando wake. Ni spea ya bei ya wastani na injini haihitaji kushushwa. Katika injini hizohizo, mlio mwepesi wa kugonga unaofuata kasi ya injini, pamoja na bomba moja la egzosti lililojaa masizi kuliko lenzake na oili inayopungua kila wiki, ni dalili za kuta za silinda zilizochubuka, na hapo injini nzima inafunguliwa. Tofauti hiyo huthibitishwa kwa kamera nyembamba inayoingizwa ndani ya silinda. Kuitazama kutokea chini, kupitia sumpu (bakuli la oili) iliyofunguliwa, huonyesha michubuko ambayo kwenye tundu la plagi haionekani.

Toyota MR2 ya kizazi cha tatu ina hadithi yake. Vichujio vidogo vya moshi vilivyo karibu kabisa na injini humomonyoka, na unga wake unaweza kuvutwa kurudi ndani ya silinda na kuzikwangua. Wamiliki wengi hugundua tatizo baada ya oili kuanza kupungua, ilhali kuvikagua kupitia matundu ya sensa za oksijeni ni kazi ya muda mfupi. Mazda RX-8 nayo hula oili kwa makusudi, kwa kuwa injini yake ya mzunguko, yenye rota badala ya pistoni, hudungwa oili kidogo ili kulainisha sili zake, na anayeshangaa kwa nini oili inapungua amenunua gari asilolijua.

Mkataba wa waranti huitazama hali hii kwa jicho kali. Watengenezaji kadhaa huhesabu upungufu wa oili wa kiasi kikubwa kuwa ni wa kawaida, na mtoa waranti atautumia ukomo huohuo. Kwa hiyo dai lisilo na kipimo halitafika mbali: jaza oili hadi alama, andika kilomita, endesha kilomita 1,000, pima tena mbele ya gereji ileile, na uweke karatasi hiyo.

Mlio wa kugonga kutoka chini ya injini

Dalili hii haisubiri. Injini ikigonga kwa mlio mzito unaoongezeka inapobebeshwa mzigo, zima na uite gari la kuvuta, kwa sababu tofauti kati ya beringi zilizoanza kulika na krankshafti (mhimili mkuu wa injini) iliyoharibika inaweza kuwa kilomita chache tu.

Injini mbili zinazotajwa sana hapa ni S65 ya BMW M3 iliyotengenezwa kuanzia 2007 na S85 ya silinda kumi iliyokuwa ndani ya M5 ya wakati huo. Beringi zao za koneroda, yaani mikono inayounganisha pistoni na krankshafti, hulika mapema kuliko inavyotarajiwa katika injini ya thamani hiyo, na S54 ya M3 iliyotangulia ilikuwa na tabia inayokaribiana. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi hakuna mlio wowote hadi mwisho. Kinachosaidia ni kupeleka sampuli ya oili maabara kila inapobadilishwa na kuangalia kama madini ya risasi na shaba yanapanda, pamoja na kuichana filta ya oili na kutazama kama kuna vipande vinavyong'aa. Mwenye S65 asiye na kumbukumbu za kazi hiyo anapaswa kuhesabu beringi mpya kuwa sehemu ya bei ya kununulia gari.

M96 ya Porsche inaongeza jambo lake: beringi ya shafti ya kati, ambayo ikivunjika huweza kuvuruga mpangilio wa valvu na kuiua injini mara moja. Toleo la beringi ya safu moja, lililotumika kuanzia mwaka 2000 hivi hadi 2005, ndilo lenye sifa mbaya zaidi. Injini zilizofuata hadi 2008 zilipewa beringi kubwa zaidi ambayo haitoki bila kuifungua injini, na kuanzia magari ya mwaka wa modeli 2009 shafti hiyo iliondolewa kabisa katika injini mpya ya 911. Magari ya 911 Turbo na GT3 ya kizazi hicho yalitumia injini ya ukoo mwingine na hayahusiki. Kwa kuwa beringi ya safu moja hufikiwa baada ya kushusha giaboksi, wakati mwafaka wa kuibadilisha ni siku klachi inapobadilishwa, na hapo gharama kubwa ya saa za kazi hulipwa mara moja.

Hapa ndipo mtu anapogundua mipaka ya waranti. Mikataba karibu yote hulipa spea iliyovunjika na hailipi spea inayotarajiwa kuvunjika. Beringi iliyolika nusu ni uchakavu. Beringi hiyohiyo ikishaiangusha injini inaitwa hitilafu ya kimakanika na inaweza kulipwa, ilimradi kiwango cha juu cha dai kinatosha gharama ya injini, jambo ambalo mara nyingi si kweli. Mwenye gari anaachwa katika nafasi ya ajabu: kinga ni ya kwake, ajali ni ya mtoa waranti, na bado mtoa waranti ana haki ya kuuliza kwa nini hakukuwa na kinga. Kwa gari lenye udhaifu mmoja mkubwa unaojulikana, mimi ningetumia fedha za waranti kuuondoa udhaifu huo.

Gari linachemsha

Vyanzo vya kawaida ni pampu ya maji, themostati, tangi la plastiki la maji lililopata ufa na feni isiyofanya kazi. Magari mengi yenye injini nyuma au katikati yana radieta mbele, na katika Boxster na 911 majani makavu hujikusanya ndani ya matundu ya bampa ya mbele, yakashika unyevu na kuitoboa radieta polepole. Kuyaondoa ni kazi ya mchana mmoja, na ni ajabu jinsi gari linaloenziwa kwa nta na vitambaa laini linavyoweza kukaa miaka na uchafu huo. Mfumo ujazwe shinikizo kwa pampu ya mkono injini ikiwa baridi, kisha uachwe; shinikizo likishuka bila maji kuonekana nje, gasketi ya silinda hedi ichunguzwe kwa kupima kama gesi za moshi zimo ndani ya maji.

Pampu ya maji kwa kawaida imo katika mkataba. Uharibifu uliotokana na kuendelea kuendesha gari baada ya mshale kupanda haumo, na kompyuta ya gari huweza kuwa imehifadhi kiwango cha joto kilichofikiwa. Kwa hiyo pampu italipwa na silinda hedi iliyopinda haitalipwa, hata kama ya kwanza ndiyo iliyoileta ya pili.

Injini baridi inawaka, ikiwa moto inakataa

Katika RX-8 dalili hii ina maana mahususi: mgandamizo, yaani nguvu ya injini kubana hewa ndani yake, umeshuka kwa sababu sili za pembe za rota zimelika, na injini ya moto inayopigwa stata muda mrefu ndiyo inayoitoa siri. Kabla ya kuhukumu, badilisha koili na plagi, kwa kuwa koili dhaifu ni ugonjwa wa kawaida wa gari hilo, na hakikisha stata inazungusha kwa kasi inayotakiwa. Kisha pima mgandamizo kwa kifaa cha injini za mzunguko, kinachosoma nyuso tatu za kila rota kwa mfuatano. Kipimo cha kawaida cha pistoni huonyesha ule ulio mkubwa tu na kuficha uso uliokufa. Mazda ilirefusha waranti ya kiini cha injini kwa RX-8 za awali nchini Marekani hadi miaka 8 au maili 100,000, na muda huo umekwisha siku nyingi, kwa hiyo muuzaji anayeitaja leo kama faida anauza historia.

Klachi na giaboksi

Kanyagio la klachi likibaki chini, msilaumu klachi kwanza. Katika Nissan 370Z silinda ndogo ya haidroliki iliyo ndani ya giaboksi huvuja na kutoa dalili hiyohiyo, na huweza kuwa imo katika waranti wakati klachi yenyewe haimo. Klachi inayoteleza hujulikana kwa gia ya juu: kasi ya injini hupanda na gari halifuati.

Magari yenye klachi moja inayoendeshwa na kompyuta, kama Ferrari za giaboksi ya F1 na Lamborghini Gallardo ya e-gear, hula klachi kwa haraka yakirudishwa nyuma mlimani au kusogezwa kidogokidogo katika msongamano. Mashine ya kupimia husoma asilimia ya klachi iliyobaki, na mnunuzi adai karatasi yake. Giaboksi za klachi mbili hudumu zaidi, mradi oili na filta zake zibadilishwe kwa wakati. Giaboksi inayobadilisha gia kwa mshtuko ikishapata joto isiwasilishiwe dai kabla ya kuthibitisha kiwango na umri wa oili, maana hilo ndilo swali la kwanza litakaloulizwa.

Breki, miguu na bodi

Usukani unaotetemeka wakati wa kufunga breki mara nyingi ni masalia ya pedi yaliyoganda juu ya diski, si diski iliyopinda. Kanyagio linalolegea baada ya kushuka mlima mrefu ni maji ya breki yaliyozeeka: maji ya daraja la DOT 4 hutakiwa kuchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, lakini yakishanyonya unyevu kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155. Diski za kauri hazihukumiwi kwa unene peke yake. Huvuliwa na kupimwa uzito dhidi ya kiwango cha chini kilichoandikwa juu yake, na seti mpya inaweza kukaribia thamani ya gari dogo. Tairi zisomwe tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa kawaida waranti hailipi lolote kati ya haya.

Mlio wa kitu kinachogota nyuma ya BMW M3 ya E46, kizazi kilichotangulia kile cha 2007, unapoondoka au kubadilisha gia unaweza kuwa bushi, na unaweza kuwa sakafu iliyopasuka mahali inaposhikiliwa fremu ya nyuma. Ya pili inahitaji kuchomelewa na kuimarishwa, na kwa kuwa ni kazi ya bodi, mikataba mingi huitenga.

Dai limekataliwa

Hii nayo ni dalili, na vyanzo vyake havizidi vichache. Kilicho cha kawaida kabisa ni sevisi iliyochelewa. Mkataba unaosema kila miezi 12 haumsamehi mtu kwa kuwa gari lilitembea kilomita 2,000 tu mwaka huo. Ferrari 355 inayohitaji injini kushushwa ili mkanda wa taiming ubadilishwe ni mfano mzuri, kwa sababu wamiliki huahirisha kazi hiyo ya gharama kwa hoja kwamba gari halitembei, na mkanda huzeeka ukiwa umesimama. Stakabadhi yenye tarehe, kilomita na aina ya oili ndiyo inayoshinda ubishi huu. Neno la fundi halishindi.

Chanzo cha pili ni kosa kuhesabiwa kuwa lilikuwapo kabla ya mkataba kuanza. Dawa yake ni ukaguzi wa maandishi uliofanywa na fundi huru kabla ya kununua, wenye vipimo vya mgandamizo, kodi na picha. Karatasi hiyohiyo iliyotumika kupunguza bei ya gari huja kuwa ushahidi.

Cha tatu ni matumizi na mabadiliko. Programu ya injini iliyobadilishwa, egzosti isiyo ya kiwandani na kuendesha katika mizunguko ya mashindano hutajwa wazi katika vizuizi. Kompyuta za Porsche huhifadhi mara ngapi injini ilizidishwa kasi na katika saa ya ngapi ya maisha yake, na mtengenezaji huweza kukataa kutoa waranti kwa gari ambalo rekodi hiyo ni mbaya. Omba usomaji huo kabla ya kulipia gari.

Cha nne ni kufungua kabla ya ruhusa. Mtoa waranti anataka kibali chake kitangulie, wakati mwingine atume mkaguzi wake, na gereji iliyokwisha kuvua silinda hedi kwa nia njema huwa imefunga mlango. Ulizwe pia ni nani analipa gharama ya kufungua injini iwapo kosa litaonekana halimo.

Kuna kukataliwa kwa nusu pia, ambako watu hawakutambui hadi wapewe hundi ndogo: kiwango cha saa ya fundi kilichowekwa chini ya kile cha gereji inayolijua gari, punguzo la uchakavu kwa kila spea kadiri kilomita zinavyoongezeka, na ukomo wa jumla unaofungwa kwenye thamani ya soko ya gari. Mkataba unaotaja vinavyolindwa utakuacha nje kwa kila kisichotajwa. Unaotaja vinavyotengwa na kulinda vingine vyote ni bora, na ndio ninaoona una maana kwa gari lenye shokapu za sumaku na kompyuta nyingi, hasa ukitolewa na mtengenezaji mwenyewe. Ukitolewa na kampuni nyingine, jambo la kuuliza ni bima gani inasimama nyuma yake iwapo kampuni hiyo itafilisika.

Waranti ikibakiza miezi miwili, peleka gari likakaguliwe upya, likiwa juu ya jeki, na kila mvujo na kila mlio uandikwe kwa tarehe. Kosa lililowasilishwa kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho bado lina nafasi ya kushughulikiwa hata kama spea yake itafika wiki tatu baadaye. Lililosikika siku hizo na kunyamaziwa litakuwa la mwenye gari asubuhi inayofuata.